Haramia wa nani?

Washkaji wa Sokon I wananicheka, eti nachora maharamia wa mahjong ya kompyuta! Wacheke tu. Kete ni 144, picha 42: 34 zinarudiwa mara nne-nne, 8 za maua na majira zinakuja moja-moja. Zikifanana, jicho linachoka kusaka pacha.

Sasa kwa nini nichore kasuku wa sinema za Marekani? Pwani yetu ilimjua Mir Ali Bey, Mturuki aliyewinda meli za Wareno mpaka wakamnasa Mombasa mwaka 1589. Kwa Wareno alikuwa haramia, lakini watu wa Mombasa walimkaribisha. Tusipomchora wenyewe, atachorwa kwa jicho la Wareno. Kilemba chake nimeshamaliza. Nimchore amenuna au anacheka? Semeni nyie!