Acheni Kumwandikia Mbwa Mwisho Mwema

Nadhani andiko la Kiswahili kuhusu mbwa linalosomwa na watu wengi zaidi Nairobi lina maneno mawili tu: MBWA KALI. Limepakwa rangi nyekundu getini, sarufi imevunjika (ni mbwa mkali, jamani), na mara nyingi ukigonga unakuta huyo mkali mwenyewe amelala, au hayupo kabisa. Sina ugomvi nalo. Ni uongo mfupi, na wapita njia wameshauzoea.

Ugomvi wangu ni na andiko la pili, lile refu, ambalo sisi wapenda fasihi tunaliandika na kutumiana huku tukifuta machozi. Mnalijua. Mbwa ameokotwa mtaroni, mbavu zinahesabika. Watu wabaya wamempiga. Anatetemeka pembeni, haamini mtu. Kisha anatokea mtu mwema. Kufika aya ya tano mbwa analamba mkono. Aya ya mwisho amelala mapajani pa mtoto, na msimulizi anatuuliza kwa sauti ya chini: ni nani hasa aliyemwokoa mwenzake?

Nasema andiko hilo linaumiza mbwa. Najua kwa sababu nimewahi kuliandika, na mbwa aliyeumia namfahamu.

Nilimchukua mwaka jana kutoka kituo kimoja cha kuokoa wanyama, nimlee kwa muda hadi apate mtu wa kukaa naye moja kwa moja. Jike, rangi ya mchanga, umri kama miaka 2. Kituoni walimwandikisha kwa jina la Simba, maana Kenya hii mbwa akikosa jina huitwa Simba. Simba wetu alishuka garini akaenda kujikunyata nyuma ya tangi la maji, na hapo akakaa siku 11. Ugali na omena alikula usiku, taa zikishazimwa. Nikitokea mlangoni alijikojolea palepale alipolala. Aliogopa wanaume, fagio, bodaboda, mwavuli ukifunguliwa na, kwa sababu nisiyoijua mpaka leo, mifuko ya karatasi.

Sikufanya lolote la ajabu. Nilihamishia kibarazani kazi yangu ya kusahihisha miswada, nikakaa nikimpa mgongo, na kila baada ya muda nikarusha kipande cha matumbo nyuma yangu bila kugeuka. (La, sikumsomea mashairi. Hiyo ndiyo aina ya uongo ninayoipinga.) Wiki ya tatu alianza kuchukua nyama nikiwa bado nimekaa. Mwezi wa pili aliweza kupita mbele yangu kwenda kunywa maji. Basi. Hayo ndiyo maendeleo yote. Kumguguswa? Hata kidogo.

Kituo kikaniomba niandike tangazo, ati kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Nikaandika: "Nafsi iliyovunjwa na ukatili wa binadamu inatafuta moyo mmoja tu wa kuiamini tena." Ona nilivyojiona fundi! Sikuwa na ushahidi wowote wa ukatili. Hakuwa na kovu hata moja. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha katika jarida la Science jaribio lao la vijibwa waliolelewa uwanjani bila kuzoeana na watu. Wale ambao hawakushughulikiwa na binadamu hadi wiki ya 14 walibaki waoga, ingawa hakuna aliyewapiga. Walikosa watu katika zile wiki chache ambazo kijibwa hujifunza nani wa kuzoea, na dirisha likafungwa. Huenda Simba alizaliwa chini ya kibanda fulani na miezi yake ya mwanzo ikapita bila mkono wa mtu. Lakini hilo halina mhalifu, na tangazo langu lilimtaka mhalifu. Bila mtu mbaya, mtu mwema ataingilia wapi?

Siku hiyohiyo zilipiga simu familia 3. Moja ikamchukua. Baada ya siku 9 wakamrudisha.

Mama wa nyumba ile si mtu mbaya, na sitaki mumfanye mhalifu wa hadithi hii. Watoto walitaka kumkumbatia mbwa aliyevunjwa moyo, kama walivyosomewa. Simba akaingia chini ya kitanda. Wakamvuta kwa ukosi. Akauma. Chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa nayo, lakini jino ni jino: mtoto akaoshwa kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, akakimbizwa hospitali. Yule mama akaniambia kwenye simu, huku analia, "Tulimpenda kwa moyo wote, lakini yeye hakutaka kutupenda."

Sentensi hiyo niliitambua mara moja. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba upendo unalipwa, na kwamba malipo yanafika mapema, kabla ukurasa haujaisha. Simba akarudi nyuma ya tangi. Safari hii alikaa siku 26.

Mtaniambia fasihi ina haki ya kubuni. Inayo. Basi tuwaangalie waliobuni vizuri. Katika White Fang ya mwaka 1906, Jack London alimpa mnyama wake aliyeteswa bwana mpole aitwaye Weedon Scott, na mapenzi yakamgeuza. Hapo ndipo penye mizizi ya hadithi zetu za machozi. Lakini tazameni bei aliyotozwa yule mnyama. Kabla ya kupewa jua na watoto wa kucheza nao mwishoni, ilimpasa apigane na mtu mwenye bastola aliyeingia nyumbani usiku, apigwe risasi, nusura afe. Hata kwa London, mbwa haruhusiwi tu kuishi. Lazima awe shujaa kwanza. Na sisi tumeirithi bei hiyo: mtu akija kituoni swali lake la kwanza ni "Huyu anabweka? Atalinda?" Na asiyetaka mlinzi anataka mfariji. Mbwa mwoga hawezi kazi yoyote kati ya hizo mbili.

J.M. Coetzee katika Disgrace, mwaka 1999, aliandika juu ya mtu anayesaidia kwenye kliniki ya wanyama huko Afrika Kusini, na mbwa kilema akamzoea. Kitabu kinaishia mtu huyo akimbeba mbwa yule kumpeleka kwenye sindano ya kifo. Simwombi mtu aandike hivyo kwenye tangazo! Nasema tu kwamba mwandishi yule hakumdai mbwa kitu. Hakumtumia kumsafisha binadamu wake.

Wapo watakaosema: hadithi tamu ndizo zinazowapatia mbwa nyumba. Kweli. Zinawapatia nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili inatafutwa na mbwa yuleyule, sasa akiwa na doa: amewahi kuuma, amewahi kurudishwa. Ukitaka kuona mbwa anavyogeuka kuwa mzigo usioshikwa na mtu, ongeza nyumba ya tatu.

Kwa hiyo nikaandika tangazo la pili, na ndilo andiko langu ninalojivunia zaidi, ingawa halina hata tamathali moja:

"Jike, miaka 2 hivi. Amechanjwa, amefungwa kizazi. Anaogopa wanaume na kelele. Hatalinda nyumba. Hataki kuguswa, na huenda asitake kwa miezi, huenda daima. Aliuma mara moja alipovutwa. Anahitaji ua wenye uzio imara, mbwa mwingine mtulivu wa kumwiga, nyumba isiyo na watoto wadogo, na mtu asiye na haraka."

Miezi 4 ilipita. Simu zikawa 2. Wa kwanza aliuliza kama angekuwa mkali akifungwa mnyororo mchana kutwa. Nikakata.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa huko Limuru, mwenye mbwa mzee. Hakuuliza historia. "Mwanangu, anakula nini?" Nikamwambia. "Na hapo anapojificha, pana mvua?" Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu, niliweka bati." Akaja mara 3 kabla ya kumchukua, kila mara na mbwa wake, akaketi kibarazani akinywa chai na kunisimulia habari za magoti yake. Simba hakumtazama. Yeye alimtazama mbwa mzee. Mara ya tatu akatoka nyuma ya tangi akaenda kumnusa. Mwalimu hakugeuza hata shingo. Aliendelea na magoti.

Ni miezi 7 sasa. Simba hulala na mzee wake kwenye veranda. Mwalimu hunipigia kila baada ya wiki kadhaa kunipa ripoti: anakula, amenenepa kidogo, amechimba mashimo kwenye sukuma wiki. Kama amewahi kumgusa hajaniambia, nami sijauliza.

Juzi kituo kiliniletea mbwa mwingine, dume, naye anatetemeka. Kijana wa pale alikuwa ameshamwandikia utangulizi kwenye karatasi: "Macho yake yanasimulia mateso yasiyosemeka..." Nilimrudishia karatasi, nikamwomba aandike upya. Aanze na anachokula.