Rusizi: Dalali wa nyumba kati ya daraja na daftari

Kila asubuhi msururu wa watu huonekana kwenye daraja la Rusizi I, kivuko kinachouunganisha mji wa zamani wa Cyangugu na Bukavu, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kusini. Wapo wachuuzi wanaovuka na mboga, maziwa na kuku. Wapo wanafunzi. Wapo pia watu wanaofanya kazi Bukavu lakini wanalala Rwanda, na jioni hurejea kwenye vyumba walivyopanga kwenye vilima vya Kamembe. Ni hao wa mwisho walioipa uzito kazi ambayo kwa muda mrefu ilidharauliwa: kazi ya dalali wa nyumba.

Wanyarwanda humwita komisiyoneri, na ng'ambo ya mto jina ni karibu lile lile. Mara nyingi hana ofisi wala bango. Ana simu, picha za vyumba na viwanja anazozisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na kichwa kinachojua ni nyumba ipi itakuwa wazi mwisho wa mwezi. Anachouza ni habari tu, kwa kuwa nyumba si yake na kiwanja si chake. Swali linaloukabili mji huu wa mpakani ni jepesi kuulizwa, lakini jibu lake ni gumu: habari hiyo ikiwa ya uongo, nani atawajibika?

Soko lililokuzwa na mpaka

Rusizi si mji wa pembezoni tena katika mipango ya serikali. Ni miongoni mwa miji sita iliyoteuliwa kuwa ya daraja la pili baada ya Kigali, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 480,000 katika wilaya nzima. Hata hivyo, idadi hiyo peke yake haielezi mahitaji ya nyumba Kamembe, kwa sababu mji huu unatazamana na Bukavu, jiji linalokadiriwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni moja.

Uhusiano huo ni wa kale. Tangu 1976, Rwanda, Burundi na Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, zilipounda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, wakazi wa mipakani wamezoea kuvuka kwa hati nyepesi. Ndoa, biashara na misiba imevuka mto pamoja nao. Lakini Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, daraja lilipata maana nyingine. Uwanja wa ndege wa Kavumu uliacha kupokea abiria, na benki zikafunga milango. Kwa baadhi ya familia, chumba cha Kamembe, ambacho awali kilikuwa njia ya kupunguza gharama, kikawa hifadhi.

Mtu anayetafuta hifadhi hana nafasi ya kujadili bei. Hana jamaa wa kumuuliza kama mwenye nyumba ni mkweli, wala siku tatu za kulinganisha mitaa. Hapo ndipo dalali huwa ama daraja la pili baada ya lile la mto, ama shimo lililo mbele yake.

Ardhi ina daftari, chumba hakina

Kwa upande wa ardhi, Rwanda imepiga hatua ambayo nchi nyingi za Afrika bado zinaitamani. Kufuatia sheria ya ardhi ya 2005, mpango wa kusajili ardhi kwa utaratibu uliotekelezwa kati ya 2009 na 2013 ulipima zaidi ya viwanja milioni 10. Kila kiwanja kina namba yake ya pekee, maarufu kwa kifupi cha UPI, na tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki. Mnunuzi mwenye namba hiyo anaweza kuulizia taarifa za kiwanja kabla ya kutoa hata faranga moja. Ardhi inayomilikiwa kwa pamoja na mume na mke haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Mgeni naye, kwa kawaida, hupewa haki ya ukodishaji wa muda mrefu usiozidi miaka 99.

Kwa hiyo dalali wa viwanja anayejaribu kuuza shamba la mtu mwingine hukutana na ukuta wa kumbukumbu. Usajili haukumwondoa mjini, bali umepunguza uwanja wa udanganyifu wake.

Hali ya chumba cha kupanga ni tofauti. Hakuna namba inayomwambia mpangaji kwamba chumba hicho hicho kimeahidiwa watu wengine wawili. Hakuna rejista inayoonyesha kwamba aliyepokea malipo ya miezi mitatu ni mpangaji anayehama, si mwenye nyumba. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika upangaji, mali inayopotea ni akiba ya mtu wa kipato cha chini, na aghalabu hupotea bila risiti.

Kwa nini dalali huficha

Ni rahisi kumlaumu dalali, lakini lawama peke yake haielezi tabia yake. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, malalamiko ya wapangaji yanafanana: dalali hataki kutaja mtaa kamili, hudai fedha za kuonyesha nyumba hata kama mteja hataichukua, na husukuma malipo yafanyike siku hiyo hiyo. Kwa mtazamo wa mpangaji, hizo ni dalili za ulaghai. Kwa mtazamo wa dalali, ni kinga.

Sababu yake iko wazi. Dalali asiye na karatasi ya mwenye nyumba hulipwa tu iwapo pande mbili zitakubali kumkumbuka. Akishataja nyumba, mteja anaweza kurudi jioni peke yake, akapatana na mwenye nyumba, na dalali akabaki na deni la nauli. Akisambaza picha, dalali mwingine huichukua na kuiita yake. Anayeishi kwa habari isiyolindwa huilinda kwa kuificha, na gharama ya kuficha huko hulipwa na mpangaji.

Ndiyo maana msako wa madalali, ambao mara kwa mara hudaiwa na wakazi wenye hasira, hauwezi kuwa tiba. Ukimwondoa dalali wa leo bila kubadili kinachomfanya afiche, kesho atakuja mwingine mwenye simu mpya na tabia ile ile.

Kile ambacho picha haionyeshi

Dalali mwenyeji ana thamani ambayo picha ya simu haiwezi kuichukua. Februari 3, 2008, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Bukavu na Rusizi, likaua makumi ya watu, wengi wao upande wa Rwanda, na kubomoa nyumba, shule na makanisa. Eneo hili liko katika Bonde la Ufa, na miteremko yake ni mikali. Ukuta uliopakwa rangi jana huonekana vizuri katika picha, hata kama una ufa nyuma yake.

Mwenyeji anajua ni mteremko upi huporomoka mvua za Aprili zikizidi. Anajua ni wapi maji ya bomba hufika usiku tu, njia ipi haipitiki kwa gari, na nyumba ipi hubadilisha wapangaji kila baada ya miezi miwili kwa sababu ya ugomvi wa uani. Dalali anayeyasema hayo kabla ya kuulizwa anaweza kupoteza mteja mmoja leo, lakini anajenga jina. Na katika mji mdogo ambamo habari huvuka daraja haraka kuliko gari, jina ndilo mtaji wake mkubwa.

Funzo kutoka kwa majirani

Rwanda ina mfano wake wa ndani wa jinsi kazi ya mali zisizohamishika inavyoweza kupewa heshima. Sheria ya 2010 iliipanga taaluma ya wathamini, ikaweka masharti ya kuingia na chombo cha kusimamia maadili. Dalali wa mtaani si mthamini, na sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili yake.

Nchini Kenya, sheria ya mawakala wa nyumba na viwanja ya 1984 iliunda bodi ya kuwasajili, ingawa mitaani madalali wasiosajiliwa bado ni wengi. Ng'ambo ya Rusizi, sheria ya Kongo ya Desemba 31, 2015 kuhusu upangaji wa nyumba iliweka kikomo cha miezi mitatu kwa dhamana ya nyumba ya kuishi mijini. Bado wapo wapangaji wanaoombwa zaidi. Mifano hiyo miwili inafundisha jambo moja: sheria isiyoshuka hadi kwenye karatasi anayoishika mpangaji hubaki mjini mkuu.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye nyumba, kinachotaja chumba, kodi, na komisheni pamoja na yule atakayeilipa, kingemlinda dalali asirukwe na kumlinda mpangaji asiuziwe hewa. Viongozi wa sekta za mji, kama Kamembe, Gihundwe na Mururu, wanawafahamu wakazi wao. Orodha ya madalali wanaotambulika mahali hapo isingekuwa mzigo mkubwa. Wapo watakaohofu kwamba usajili utawafungia njia vijana wasio na ajira nyingine. Hofu hiyo ina msingi iwapo ada itakuwa kubwa na masharti mengi. Usajili mwepesi ungewapa vijana hao kitu ambacho sasa hawana, yaani haki ya kudai malipo yao.

Lugha ya mkataba

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, kuna jambo jingine. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini mpangaji anayetoka Bukavu anaweza kuwekewa mbele mkataba wa Kinyarwanda asioweza kuusoma, na mfasiri wake akawa dalali yule yule anayesubiri komisheni. Bei nayo huleta mkanganyiko: Bukavu kodi hutajwa kwa dola, ilhali Benki Kuu ya Rwanda hairuhusu bei kutajwa kwa fedha za kigeni bila idhini. Mpangaji aliyekubaliana kwa dola na kulipa kwa faranga huweza kudaiwa tofauti ambayo hakuitarajia.

Hivyo, ombi la mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kiasi cha faranga na majina ya wahusika, halipaswi kuonekana kama usumbufu. Ni kinga ya kwanza aliyo nayo mtu ambaye hana jirani wala jamaa katika mtaa mpya.

Amani ikirejea Bukavu, baadhi ya waliopanga Kamembe watarudi makwao, na wengine watabaki. Dalali ataendelea kuwepo, kwa maana mji wa mpakani hauishiwi na wageni. Kitakachoamua kama anawapokea au anawavizia ni kama habari anayoiuza ina karatasi nyuma yake, na kama mwenye nyumba, mpangaji na yeye mwenyewe wote wanaweza kuisoma.