Gari ikikataa vitesi

Mwezi uliopita tulikuwa kumi na mmoja juu ya mifuko ya maharagi na viazi, tukitoka Masisi kushuka Sake. Mzigo ule tuliununua kwa feza ya AVEC, na feza ilipaswa kurudi ndani ya sanduku siku ya posho. Karibu na Mushaki gari ilisimama kwenye mlima ili kupisha Fuso. Fuso ikapita. Yetu ikabaki pale pale.

Shofere alikanyaga ambreyaje, akavuta levye kwa mikono miwili, na chuma ikalia kama mtu anayesaga meno usingizini. Akalazimisha tena na tena. Sisi tulikaa juu tukisali, kwa sababu tulifikiri mambo ya gari ni ya wanaume. Jua lilikuwa linashuka, na njia ile hakuna mama anayetaka kulala nayo akiwa na mzigo.

Mmoja wetu, ambaye bwana yake alikuwa mekanisye, ndiye aliyesema: «Baba shofere, zima kwanza moteri, halafu jaribu.» Akazima. Vitesi ya kwanza ikaingia bila kelele, ya pili pia, na ya nyuma.

Jaribio hilo kila anayelipa nafasi ndani ya gari alijue. Vitesi zikiingia vizuri wakati moteri imezimwa, mara nyingi bwati ya vitesi haina kosa. Ni ambreyaje ambayo haiachii. Ukikanyaga pedali, ambreyaje inapaswa kutenganisha moteri na bwati. Isipoachia, moteri inaendelea kuzungusha bwati, na meno yake hayawezi kushikana. Lakini kama levye inakataa hata moteri ikiwa imezimwa, kosa liko kwenye bwati yenyewe ama kwenye vyuma na kamba zinazoiunganisha na levye. Hiyo ni kazi ya garaji.

Walipofungua mbele, kikopo cha mafuta ya ambreyaje kilikuwa karibu kikavu, na chini, pembeni ya bwati, pampu ndogo ilikuwa imelowa. Kijana wa gari akataka kumimina mafuta ya moteri. Tulipiga kelele wote! Mafuta hayo yanaharibu mipira iliyo ndani ya pampu; panatakiwa mafuta ya freni. Tuliyapata kwa gari iliyokuja nyuma yetu. Wakajaza, wakakanyaga pedali mara nyingi, wakatoa hewa, na vitesi ikaingia. Pampu yenyewe bado ilikuwa ya kubadilisha.

Gari zingine hazina kikopo hicho, zinatumia kamba ya chuma, nayo hulegea ama kukatika. Na zile za njia ya Walikale, zinazolala ndani ya matope, ni shida nyingine: gari ikisimama wiki nyingi kwenye mvua, ambreyaje inaweza kushikwa na kutu na kukataa kuachia hata kama mafuta yamejaa.

Jambo moja linatuuma hadi leo. Wakati shofere alipokuwa anapigana na levye, wamama wawili wenye watoto mgongoni walikuwa bado juu, na gari ilishikwa na freni ya mkono tu, bila jiwe hata moja nyuma ya magurudumu. Watu washuke kwanza, mawe yawekwe, halafu ndipo mtu aguse kitu.

Tulifika Sake usiku. Mnunuzi alikuwa amekwisha kwenda, na kesho yake tuliuza kwa bei ya chini. Feza ya AVEC ilirudi, faida hatukuiona.

Sasa, kabla ya kupakia, tunaomba shofere aingize vitesi ya nyuma mbele yetu, moteri ikiwaka, maana mara nyingi hiyo ndiyo ya kwanza kulia. Wiki hii mmoja alitucheka. Alipojaribu, ikalia. Tukaacha mifuko yetu chini, tukangojea gari nyingine.