Monita ya peke yake inamfaa zaidi mnunuzi wa Bariadi

Msimu wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huzunguka mjini Bariadi kwa kiasi ambacho hakionekani miezi mingine ya mwaka. Mkulima akishalipwa hununua bati, pikipiki au ng'ombe. Mwenye duka naye, akiona mauzo yamechangamka, hufikiria vitendea kazi, na siku hizi kompyuta imo katika orodha hiyo. Mwenye steshenari anaitaka kwa kuchapa barua, kujaza maombi ya kazi na kuwaombea wateja leseni za biashara kupitia mfumo wa TAUSI. Mkandarasi mdogo anaitaka ili aweze kuomba zabuni za serikali katika mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Karani wa kiwanda cha kuchambua pamba anaitaka kwa hesabu zake za kila siku.

Swali linalomkabili mnunuzi ni kama achukue kompyuta ya kipande kimoja, ambayo mashine yote imefichwa nyuma ya kioo, au anunue sipiyu na monita kubwa kila kimoja peke yake. Sipiyu hapa ni lile boksi lenyewe, kama linavyoitwa mitaani, ingawa sipiyu halisi ni kidude kidogo kilichomo ndani yake.

Haina ubishi kwamba kompyuta ya kipande kimoja inavutia. Inakaa mezani bila msitu wa nyaya, inachomekwa kwenye soketi moja, na mteja anayeingia ofisini huiona kama kitu cha kisasa. Mashine za namna hii zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, hasa HP EliteOne na Dell OptiPlex, huuzwa Kariakoo na katika maduka ya Mwanza, na kutoka huko hufika Bariadi kwa barabara ya Lamadi. Muuzaji huisifia kwa sababu ni rahisi kuiuza: mteja anabeba boksi moja na biashara imekwisha.

Lakini mnunuzi anapaswa kujiuliza kitu gani hasa kinazeeka. Kioo na mashine havizeeki kwa kasi moja. Taa za nyuma ya monita za aina ya LED hutajwa kuwa zinadumu saa 30,000 au zaidi. Ofisi inayofanya kazi saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, hutumia saa 3,120 kwa mwaka, kwa hiyo monita hiyo inaweza kutumika miaka tisa na zaidi. Mashine haina maisha hayo, na mara nyingi haifi kwa kuungua bali kwa kuachwa nyuma na programu.

Hilo limeonekana wazi kabisa kwa Windows 10. Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Inayofuata, Windows 11, haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya kizazi cha 8 cha Intel, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa maana hiyo mashine yenye i5-6500, ambayo ni ya kizazi cha 6, imebaki nje, wakati yenye i5-8500 imo. Namba iliyo baada ya kistari ndiyo ya kutazama, na mnunuzi asione haya kuitazama mbele ya muuzaji. Matokeo yake ofisi nyingi za nje zinaondoa mashine za vizazi vya 6 na 7, na mzigo wa namna hiyo una desturi ya kuishia katika masoko yetu kwa bei ya kushawishi. Anayechukua sipiyu ya aina hiyo atakuja kupoteza sipiyu tu, lakini anayechukua ya kipande kimoja atapoteza na kioo kizima kisicho na kosa lolote.

Hebu hesabu ifanywe kwa mfano, ambao si bei ya duka lolote. Tuseme kompyuta ya kipande kimoja ni sh. 650,000, sipiyu ni sh. 400,000 na monita ya inchi 24 ni sh. 300,000. Siku ya kwanza mwenye vipande viwili ametoa sh. 700,000, yaani sh. 50,000 zaidi ya mwenzake. Baada ya miaka minne mashine zote mbili zimepitwa. Wa kwanza anatoa tena sh. 650,000 na jumla yake ni sh. 1,300,000, wa pili anabadili sipiyu tu na jumla yake ni sh. 1,100,000. Ikifika awamu ya tatu, wa kwanza amekwisha kutumia sh. 1,950,000 na wa pili sh. 1,500,000. Tofauti ya sh. 450,000 si ndogo kwa steshenari inayotoza ukurasa mmoja mmoja.

Jambo la pili ni fundi. Bariadi ni mji wa vumbi wakati wa kiangazi, na palipo na viwanda vya kuchambua pamba huongezeka nyuzi laini zinazoingia kila tundu. Sipiyu ya kawaida hufunguliwa ubavuni, ikapulizwa kwa bloa na kufungwa, kazi ambayo kijana yeyote mwangalifu anaweza kuifanya kila mwezi. Ndani ya kompyuta ya kipande kimoja feni ni ndogo, nafasi ni finyu, na kwa baadhi ya aina hakuna njia ya kuifikia feni ila kutoa kioo kwanza, pamoja na utepe wake mwembamba wa mawasiliano. Kwa iMac zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2012, kioo kimegundishwa kwa gundi. Kazi ya namna hiyo huishia Mwanza au Dar es Salaam, na kwa siku zote ambazo mashine iko safarini, ofisi haichapi kitu.

Na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Monita ikizimika, mwenye duka huazima nyingine kwa jirani na kuendelea siku hiyo hiyo. Sipiyu ikizimika, monita huchomekwa kwenye laptopu ya shemeji. Kompyuta ya kipande kimoja ikipata hitilafu ya kioo au ya mashine, vyote vinalala, na kama siku hiyo ni ya mwisho wa kupokea zabuni au maombi ya kazi, mteja huvuka barabara kwenda kwa mshindani.

Kuhusu umeme, watetezi wa kipande kimoja wana hoja. Ikilinganishwa na sipiyu kubwa ya zamani pamoja na monita yake, mara nyingi hutumia umeme kidogo zaidi, na UPS ndogo huihimili kwa dakika chache za ziada TANESCO inapokata. Hata hivyo hoja hiyo imepunguzwa nguvu na sipiyu ndogo za ukubwa wa kitabu, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny, ambazo aina zake nyingi hutumia adapta ya wati 65. Monita ya LED ya inchi 24 huhitaji wati 20 hivi. Sipiyu kama hiyo hufungwa hata nyuma ya monita yenyewe, na meza ikabaki safi vile vile. Mwenye laptopu yuko salama zaidi: umeme ukikatika monita huzimika, lakini kazi inabaki kwenye laptopu kwa nguvu ya betri yake.

Onyo moja kwa wanaokimbilia ukubwa. Wapo wanaonunua televisheni ya inchi 32 na kuifanya monita, kwa kuwa bei yake inalingana na ya monita ndogo. Televisheni nyingi za kiwango hicho zina nukta 1,366 kwa 768 tu. Filamu itapendeza, lakini hesabu za safu nyingi zitamchosha karani macho kabla ya saa sita mchana. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1,920 kwa 1,080 inatosha kwa kazi za ofisi. Anayetaka inchi 27 atafute yenye nukta 2,560 kwa 1,440, vinginevyo atakuwa amenunua herufi kubwa zenye ukungu.

Hata Apple, ambayo iMac yake ya mwaka 1998 iliipa umaarufu kompyuta ya kipande kimoja, imerudi nyuma kwa upande wa vioo vikubwa. Oktoba 2014 ilitoa iMac ya inchi 27 yenye kioo cha 5K kwa dola 2,499. Kioo hicho ni kizuri mno, lakini hakiwezi kuchomekwa waya kutoka mashine nyingine kikawa monita, jambo ambalo iMac za inchi 27 za kuanzia mwishoni mwa 2009 ziliweza. Machi 2022 kampuni hiyo iliacha kuuza iMac ya inchi 27, ikaleta sipiyu ya Mac Studio na monita ya Studio Display, ya dola 1,599 peke yake. Ya inchi 24 ndiyo iliyobakizwa katika umbo la kipande kimoja.

Mapokezi ya hoteli au ya zahanati, ambapo kaunta ni nyembamba na kazi ni kuandika majina na kutoa risiti, yanaweza kuchukua kipande kimoja bila majuto makubwa, mradi kiwe cha kizazi cha 8 au zaidi.

Ama yule ambaye tayari anayo, hana sababu ya kuitupa. Nyingi zina tundu la kutoa picha, na monita ya pili huchomekwa hapo, karani akafungua hesabu kioo kimoja na barua kioo cha pili. Baadhi zina pia tundu la kupokea picha, ambalo huandikwa IN kando yake. Hizo, mashine ikishazeeka, kioo chake bado kinaweza kutumika kwa sipiyu nyingine. Muuzaji aulizwe juu ya tundu hilo kabla ya fedha kutoka mfukoni, na alijaribu kwa waya palepale dukani.