"Mna Mzungu?": Haki ya Mwananchi Kulala Msituni

Anayetoka Kigoma mjini kwa daladala hufika Mwandiga baada ya mwendo mfupi tu. Hapo barabara hugawanyika: moja huelekea Kasulu, nyingine hupanda Kalinzi na kuendelea hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Magharibi ya barabara hii ya pili, nyuma ya mashamba ya kahawa, migomba na michikichi, ipo safu ya vilima inayoporomoka ghafla hadi Ziwa Tanganyika. Katika mteremko huo ndimo ilimo Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Kiangazi kilichopita nilikusudia kuwapeleka wanafunzi wangu kumi na mmoja wapande vilima hivyo kwa miguu, tupige kambi siku mbili katika msitu wa kijiji, nje ya mipaka ya hifadhi. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kuomba maelekezo. Mtumishi aliyenipokea alinikaribisha kwa heshima, akaisoma barua yangu hadi mwisho, kisha akauliza: "Daktari, mna mzungu katika msafara huu?" Nikamjibu kuwa hatuna. Akauliza tena, safari hii kwa mshangao wa kweli: "Sasa mnakwenda kufanya nini?"

Simlaumu. Alilitamka kwa uwazi lile ambalo sisi wengine tunalitekeleza kimyakimya. Katika nchi yetu, mwananchi huingia msituni kwa sababu mbili tu zinazoeleweka: ama kukata, ama kuwazuia wanaokata. Ni mtuhumiwa au ni askari. Sababu ya tatu, yaani kutembea, kutazama, kulala chini ya miti na kujifunza, tumemwachia mgeni mwenye dola. Nasema wazi kwamba huo ni udhalimu, na tena ni sera mbaya ya uhifadhi.

Wapo watakaosema kwamba kupanda milima na kulala kwenye mahema si utamaduni wetu. Hoja hiyo ni ya kushangaza ikitolewa Kigoma, kuliko pengine popote. Ujiji, jirani kabisa na Mwandiga, ndiko kulikokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi waliutembea kwa miguu, wakipiga kambi kila jioni, mizigo ikiwa mabegani. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, alifikishwa na watu waliozijua njia, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao ndio walioubeba mwili wake hadi pwani. Dunia nzima imeazima kwetu neno "safari". Inakuwaje leo mwenye neno aulizwe anakwenda kufanya nini?

Hata historia ya Gombe yenyewe huanza na hema. Jane Goodall alifika ufukweni pale Julai 1960, akiwa na mama yake, kwa sababu wakuu wa kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Waliishi kambini, na wenyeji ndio waliomsaidia kuyajua mabonde yale. Kusini zaidi, milima ya Mahale ilikuwa makazi ya Watongwe kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Watongwe waliondolewa. Leo Mahale hutembelewa kwa miguu, na mgeni hulipa fedha nyingi kuipanda milima ambamo wazee wa watu hao walizaliwa. Kutembea msituni, basi, ni jambo la kwetu tangu zamani; tulilipoteza kwa amri.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami naiheshimu. Wataalamu wanatukumbusha kwamba sokwemtu huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, na maradhi ya njia ya hewa yamewaua wengine katika miaka iliyofuata. Hifadhi yenyewe haifiki hata kilomita za mraba 60. Haiwezi kubeba umati, na siombi umati. Ninachoomba kiko nje ya mpaka wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vinavyoizunguka Gombe vilikuwa karibu vitupu. Miti ilikwisha, udongo ukawa unaporomokea ziwani. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, na polepole vijiji vikatenga misitu yao, vikaacha visiki vichipue. Misitu hiyo si mali ya wizara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zinakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu wake na kuusimamia. Humo ndimo mwanafunzi wa Mwandiga angeweza kupiga kambi bila kumsogelea sokwe hata mmoja, mradi kijiji kichague eneo lililo mbali na shoroba za wanyama, kikataze moto ovyo na kisimamie usafi.

Hatimaye tulikwenda, kwa idhini ya serikali ya kijiji. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo binti mzaliwa wa Mwandiga anayesomea utalii. Anajua kwa kichwa kwamba Gombe ilikuwa pori la akiba mwaka 1943 na hifadhi ya taifa mwaka 1968. Hakuwahi kulala msituni hata usiku mmoja. Mzee mmoja, mlinzi wa msitu wa kijiji, alituonyesha shina lililochipua kutoka katika kisiki na sasa linamzidi urefu. Binti yule akamwuliza, "Babu, wageni huwa wanakuja kuuona msitu huu?" Mzee akajibu: "Mjukuu wangu, miaka yote tunaambiwa tusikate. Ninyi ndio wa kwanza kuja kuona tulichokiacha."

Tafakari maneno hayo. Wanakijiji waliacha kuni, mkaa na mashamba mapya kwa faida ya taifa zima, na taifa halijafika hata kuwashukuru. Anayeniambia kwamba kuzungumzia mahema mbele ya watu maskini ni anasa, na anieleze ni nini kingine tumewapa. Chakula cha kambi tulikinunua kijijini, waongozaji walikuwa vijana wa kijijini, ada ya kulala ililipwa kwa stakabadhi ya kijiji. Ni fedha kidogo, lakini haikupitia kwa wakala yeyote wa mbali.

Kwa hiyo natoa wito kwa makundi matatu. Watumishi wa halmashauri: visaidieni vijiji kuandika taratibu fupi za kambi za matembezi katika mipango yao ya matumizi ya ardhi, ili kijana asizungushwe ofisi nne kwa ajili ya usiku mmoja. Wanaharakati: mnapotetea haki ya ardhi, teteeni pia haki ya kuifikia, maana haki isiyokanyagwa kwa miguu husahaulika. Wanafunzi: msisubiri ufadhili. Hema huazimwa, na nauli ya Mwandiga hadi Kalinzi haimshindi mwenye kifurushi cha intaneti kila wiki.

Nimekwisha kuandika barua ya mwaka huu, na nitaipeleka katika ofisi ileile. Safari hii, katika aya ya kwanza, nimeeleza kwamba hatuna mzungu, kwamba tuko kumi na wanne, na kwamba tunakwenda kuona msitu wetu.