Kadi ilikuwa kabatini, fedha zikavuka mipaka

KIGALI – Kadi yenyewe sikuwa nimeitumia kwa karibu miaka mitatu. Ni kadi ya mkopo ya benki moja ya Brussels, niliyorudi nayo nyumbani pamoja na masanduku mawili na vyeti vya shule vya watoto, na tangu siku hiyo ilikaa ndani ya bahasha kwenye kabati la chumbani. Wengi wetu tuliorudi kutoka Ulaya au Kanada tunayo moja ya aina hiyo. Hatufungi akaunti kwa sababu mashirika ya ndege na hospitali za nje huitaka kadi, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu kuifunga ni kama kukubali kwamba hatutarudi huko tena.

Siku ya kuihitaji ilifika Machi 2023. Mama mkubwa alitakiwa kupelekwa Nairobi kwa matibabu, nikaitoa ili nilipie tiketi mbili. Ikakataliwa. Nikajaribu tena, ikakataliwa tena. Usiku ule nilitafuta kile kikokotoo kidogo cha benki cha kuingilia kwenye akaunti, nikakibadilishia betri, nikaingia. Akaunti niliyoiwekea akiba ya dharura ilikuwa imebaki na euro 14.

Kadi nyingi za Ubelgiji hukusanya matumizi ya mwezi mzima na kuyakata mara moja kutoka akaunti ya kawaida ya mteja, kwa hiyo deni halikulundikana mahali ambapo lingenishtua. Tangu Novemba 2022 kulikuwa na makato matano: euro 1, kesho yake euro 1 nyingine, halafu 212, 348 na 297. Jumla ni euro 859. Yote yalifanyika katika maduka ya intaneti yaliyo nje ya Ulaya, katika nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado sijalimaliza. Mtoto wa dada yangu alikuwa akikaa kwangu mwaka ule, akitafuta kazi. Alijua kabati lilipo, alitumia kompyuta yangu, na Desemba alikuwa amenunua simu mpya. Sikumwita mwizi. Nilimuuliza tu simu ilitoka wapi, nikamuuliza mara ya pili mbele ya mke wangu, na mara ya tatu nikataka risiti. Alijibu, “Mjomba, nimeielewa,” na baada ya siku nne alikuwa ameshakwenda Gisenyi kwa rafiki yake.

Kwa nini nilimfikiria yeye? Kwa sababu nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba namba ya kadi haiwezi kuibwa bila mtu kuiona kadi. Kadi haikuwa imetoka ndani ya nyumba. Basi mwizi lazima awe ndani ya nyumba. Hesabu ilionekana rahisi, na ilikuwa na makosa tangu mwanzo.

Ikumbukwe kwamba tarakimu 16 za kadi hazikupangwa ovyo. Sita za mwanzo, na katika mpango mpya nane, hutambulisha benki iliyoitoa. Ile ya mwisho ni ya ukaguzi tu: hupatikana kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM miaka ya 1950, ambamo tarakimu huongezwa mara mbili kwa kupishana, zikajumlishwa, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Kanuni hiyo iliwekwa ili kunasa makosa ya kuandika, haikuwekwa kuzuia wezi, na mtu yeyote anaweza kuipata. Mwenye kompyuta akichukua tarakimu za benki fulani anaweza kuzalisha maelfu ya namba zinazokubalika, kisha akazijaribu moja moja. Tarehe ya kwisha kwa kadi? Kwa kadi ya miaka mitano ni miezi 60 tu ya kubahatisha. Namba tatu za nyuma? Uwezekano ni 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba majaribio hayo yakigawanywa katika tovuti nyingi kwa wakati mmoja, ili kila tovuti ione machache tu, kazi yote yaweza kumalizika kwa sekunde chache.

Hayo hayakubaki maabara. Novemba mwaka huo huo wa 2016, Tesco Bank ya Uingereza ilishambuliwa kwa siku mbili na watu waliozalisha namba za kadi kwa mashine. Walichukua pauni milioni 2.26. Akaunti 8,261 ziliguswa, na nyingi ya biashara hizo bandia zilionekana kutoka Brazil. Mdhibiti wa fedha wa Uingereza aliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 16.4 mwaka 2018 kwa uzembe, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuonywa. Miongoni mwa hao kulikuwa na watu waliokuwa wamelala nyumbani, kadi zao mfukoni.

Zile euro moja moja za Novemba sasa zinaeleweka. Mwizi akishapata namba anayodhani ni hai, huijaribu kwa kiasi ambacho hakuna atakayekigombea. Ikipita, huisubirisha au humuuzia mwingine. Kadi isiyotumika ndiyo nzuri zaidi kwake, maana mwenyewe haangalii.

Kuna jambo jingine linalotuhusu hasa sisi tuliorudi. Sheria ya Ulaya ya huduma za malipo, iliyoanza kutumika Januari 2018, inadai mnunuzi wa intaneti athibitishwe kwa njia mbili, kwa kawaida kadi na simu. Lakini sharti hilo hushika pale ambapo benki na duka vyote viko Ulaya. Duka likiwa nje, mlango unabaki wazi kiasi, na ndiyo maana wezi wangu hawakununua hata soksi Brussels. Benki iliniambia pia kwamba mtambo wake ulitilia shaka yale makato ya 348 na ukanitumia ujumbe wa simu. Uliutuma kwenye laini yangu ya Ubelgiji, niliyoiacha ikafa mwaka niliorudi. Kampuni za simu hugawa upya namba zilizokufa. Yawezekana kabisa kwamba mtu fulani Brussels alisoma onyo langu, akalifuta.

Fedha zilirudi zote. Sheria hiyo hiyo inampa mteja miezi 13 tangu siku ya makato kutoa taarifa, na inasema kwamba hasara yake haiwezi kuzidi euro 50, isipokuwa awe amedanganya au amefanya uzembe mkubwa. Nilipiga simu mbili, nikajaza fomu moja, nikajibu maswali. Haikuchukua mwezi. Mimi niliyekaa Kigali, ambaye sikuwa nimeangalia hesabu zangu kwa miaka, nililindwa na sheria ya mahali kadi ilikotoka.

Sasa mlinganishe mtu huyo na mama mmoja niliyekutana naye Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma, nilipokwenda kumtafuta mpwa wangu. Anauza maharagwe na nyanya, ana laini mbili, moja ya Rwanda na moja ya Kongo, na mtaji wake wote uko ndani ya simu. Siku moja ulimjia ujumbe kwamba amepokea fedha. Dakika mbili baadaye mtu akapiga, akilia, kwamba amekosea namba na ni fedha za mgonjwa. Mama akarudisha. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa uongo. Alichorudisha kilikuwa chake. “Papa, ile sauti ilikuwa ya mtu wa kwetu,” aliniambia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko fedha.

Alikwenda kwa wakala wa upande huu. Akaambiwa laini iliyopokea fedha iliandikishwa ng'ambo. Akavuka. Ng'ambo akaambiwa yeye ni mteja wa laini ya Rwanda, arudi Rwanda. Alivuka mara tatu, kila safari akiacha meza yake ya biashara, na mara ya nne hakwenda.

Mtu atasema yule mama alibonyeza namba yake ya siri mwenyewe, na hata Ulaya angeweza kuambiwa ni uzembe. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, kule kungekuwa na ofisi moja inayolazimika kumpokea na kumjibu. Hapa kwetu sheria hazikosekani: Uganda ilitunga yake ya makosa ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania 2015, Kenya na Rwanda 2018, Burundi 2022, na Kongo ikapata kanuni yake ya mambo ya dijitali 2023. Rwanda ina hata sheria ya 2021 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wake wa usalama wa mitandao mjini Malabo mwaka 2014, ukangoja nchi 15 ziuridhie, na ukaanza kufanya kazi Juni 2023. Miaka tisa. Mwizi wa simu huhitaji dakika tisa.

Kwamba wezi wameshaungana kuliko serikali zetu, ushahidi upo. Oktoba 2019 polisi ya upelelezi ya Rwanda, RIB, iliwakamata watu 12 mjini Kigali waliokuwa wakijaribu kuingia katika mfumo wa Benki ya Equity: Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja. Kwa mujibu wa RIB, kundi hilo lilikuwa limekwisha kufanya kazi hiyo Kenya na Uganda. Januari 2021 mahakama iliwafunga miaka minane. Ile ndoto ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya watu wa nchi tatu kufanya kazi ofisi moja bila kugombana, wao walikuwa wameitimiza.

Mwaka uliofuata kukamatwa kwao, Oktoba 2020, ilikuwa zamu ya Uganda. Wezi waliingia kupitia Pegasus, kampuni inayounganisha mitandao ya simu na mabenki, na kwa siku kadhaa fedha za simu kati ya benki na mitandao mikubwa zilisimama. Mfanyabiashara wa Katuna aliyengoja malipo kutoka Kabale alijionea kwamba fedha zake zinapitia mikono ya mtu wa tatu asiyemjua hata kwa jina.

Tanzania nako kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Serikali iliwataka watu wote waandikishe laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 ikaanza kuzima ambazo hazijaandikishwa. Ujumbe ule haukufa. Nchini Kenya mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umejulikana kwa vijana wanaobadilisha laini za watu. Kidole kinasaidia kujua laini ni ya nani. Hakisaidii sana ikiwa mwenye kidole alilipwa kidogo ili akiweke, kisha laini ikavushwa mpaka.

Kwa upande wetu wa magharibi mambo yamekuwa mazito zaidi. Mji wa Goma ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga, na watu wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Mtu asiye na benki huweka kila kitu kwenye simu, na anayetaka kuigeuza iwe noti hukubali masharti ya yeyote mwenye noti. Upande wa kusini, Burundi ilipofunga mpaka wake nasi Januari 2024, aliyekuwa amedhulumiwa na mtu wa Bujumbura alipoteza hata ile safari ya kwenda kumdai uso kwa uso.

Maoni yangu ni kwamba jambo la kwanza la kudai si sheria nyingine. Ni meza moja katika kila kituo cha mpaka cha pamoja, Rusumo, Katuna, na hapo Petite Barrière, ambapo ofisa wa upande wowote analazimika kuandika malalamiko ya laini ya upande wowote, akampa mlalamikaji namba na tarehe. Pale Rusumo maofisa wa forodha wa Tanzania na Rwanda hukaa jengo moja wakikagua lori moja. Kama lori la saruji linaweza kukaguliwa mara moja kwa niaba ya nchi mbili, sioni ugumu uko wapi kwa ujumbe wa simu.

Kwa wenzangu wenye kadi za nje, nawashauri wapige simu benki wiki hii na kuuliza ni namba gani ya simu iliyoandikwa pale. Wengi watashangaa. Mwenye kadi asiyoitumia anaweza pia kuomba malipo ya intaneti ya nje ya Ulaya yafungwe mpaka atakapoyahitaji. Benki nyingi huruhusu, na mimi sikulijua hilo hadi nilipoambiwa na yule mama wa benki, kwa sauti ya mtu anayelirudia mara ya mia. Na makato ya euro moja usiyoyajua, yapigie kelele kama ya euro elfu.

Mama mkubwa alitibiwa. Tiketi nililipa kwa fedha za kukopa kwa jirani. Kadi mpya ilifika ndani ya mzigo wa shemeji, na sasa ina namba yangu ya Kigali. Mpwa wangu nilimpata Gisenyi akibadilisha fedha kando ya barabara iendayo mpakani. Nilimwonyesha barua ya benki, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kunirudishia. Risiti ya simu yake alikuwa nayo kwenye pochi. Alisema atakuja Krismasi. Hakuja ile ya 2023, na iliyofuata alipiga simu.