Bajaji ya abiria watatu isibebe sita: Likasi tusisubiri msiba

Bajaji imeingia katika maisha ya Likasi na haitatoka leo wala kesho. Mama anayerudi sokoni na unga wake, mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku, mwanafunzi wa Kikula anayesoma mbali na kwao, wote wanaitegemea. Kwa hiyo siungi mkono wale wanaotaka ifukuzwe mjini. Shida yangu ni moja: tunaipakia kama basi, na mzigo huo utatuletea vilio.

Tuanze na chombo chenyewe. Bajaji ya abiria ilitengenezwa kwa shofa mmoja mbele na watu watatu nyuma. Mbele ina gurudumu moja tu. Shofa akikata kona kwa kasi, au akikanyaga breki huku anakata kona, uzito unakimbilia pembeni kwa mbele, mahali pasipo na gurudumu la kuushika. Hapo bajaji inalala ubavu. Kwa kuwa haina milango wala mikanda, aliyekaa ukingoni anatupwa nje, na chombo kinaweza kumwangukia. Hata vigari vya viwanja vya golf, vinavyotembea polepole juu ya majani, hupindua watu na kuwaumiza, kwa sababu navyo viko wazi pembeni. Sisi tunapitisha vyetu katikati ya malori.

Sasa ongeza abiria mmoja au wawili kando ya shofa. Usukani wa bajaji ni wa mikono, kama wa pikipiki. Shofa aliyebanwa viwiko hawezi kuuzungusha mpaka mwisho pale mtoto anapokatiza njia ghafla. Ongeza pia vilima vya mji wetu, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zinazogeuza vumbi kuwa utelezi. Breki zilizopangiwa watu wanne zinaombwa kusimamisha saba kwenye mteremko.

Halafu kuna barabara ya taifa namba 1. Shaba na kobalti ya Kolwezi inapita Likasi kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, na malori yanarudi na salfa, chokaa, mafuta na asidi. Mengi yanatoka Zambia na Tanzania, yakiwa na usukani upande wa kulia, wakati sisi tunatembea kulia. Shofa wa lori la namna hiyo amekaa upande wa ukingo wa barabara. Bajaji inayompita kwa kushoto inaingia upande ambao haoni vizuri. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, upande wa Lualaba, lori la asidi liligongana na magari mengine na watu wapatao 20 wakafa. Hata ndani ya magari yenye mabati na milango, watu walikufa. Aliye ndani ya turubai atapona vipi?

Wengi wanawalaumu mashofa peke yao. Sikubaliani nao. Shofa wengi hawamiliki chombo. Jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenye bajaji, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu ya mvua, foleni au ukosefu wa abiria. Mwenye mali akipanga kiasi ambacho watu watatu kwa safari hawawezi kukitimiza, basi yeye ndiye aliyempandisha abiria wa nne na wa tano, hata kama amelala nyumbani.

Najua jibu litakalokuja: watu wakipungua, bei itapanda, na maskini atatembea kwa miguu. Ni hoja ya kweli, lakini mguu uliovunjika unagharimu zaidi ya nauli ya mwezi, na familia ndiyo inayolipa. Tofauti hiyo ianze kukatwa kwenye hesabu ya jioni kabla ya kumgusa abiria.

Sheria ya barabara tunayotumia ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambapo Likasi haikujua bajaji. Kwa hiyo ofisi ya meya isikae kusubiri Kinshasa. Itoe amri fupi inayoeleweka: watatu nyuma, hakuna mtu kando ya shofa, vituo vya kupanda na kushuka vikae mbali na njia ya malori. Polisi wa PCR wakikuta bajaji imezidisha, adhabu imfikie pia mwenye chombo. Na faini ilipwe kwa risiti, la sivyo tutakuwa tumefungua kizuizi kingine cha kukusanya faranga.

Abiria naye ana kazi yake, na hiyo haihitaji amri ya mtu. Bajaji ikijaa, ngoja nyingine. Miguu na viwiko viwe ndani. Mtoto akae katikati. Na wewe mzazi unayelipa bajaji ya shule kwa mwezi, kesho asubuhi hesabu wamo watoto wangapi kabla haijaondoka mlangoni pako. Wakizidi, mteremshe wako.